Rafu ya Presha

Pale kwenye kituo cha afya walimwita Dokta Nusu, kwa sababu alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza masomo, na kwa sababu hakukasirika kuitwa hivyo. Wenzake darasani waliutolea macho upasuaji wa moyo na ubongo. Yeye alitaka udaktari wa familia: amjue bibi, amjue mama na mjukuu, amjue mtu kabla hajaletwa amebebwa.

Asubuhi ile seremala aliletwa amebebwa. Wanawe wawili walikuwa wamemlaza juu ya ubao wa mlango, mdomo umepinda, jicho moja limemtoka. Dokta Nusu alimtambua papo hapo. Mara tatu mzee yule alikuja kufuata dawa zake za presha, na mara tatu akaambiwa zimeisha, arudi wiki ijayo. Mara ya tatu aliyemwambia ni yeye.

"Sista, oksijeni."

"Mtungi mtupu tangu juzi," muuguzi alijibu, tayari anatafuta mshipa. "Na gari la wagonjwa halina mafuta, kwa hiyo usiniulize."

Seremala alitapika, akatetemeka mpaka ubao ukawa unagonga sakafu, kisha akakata roho mikononi mwao.

Mwanawe mkubwa, mchomelea vyuma mwenye kifua kama pipa, alisimama akimtazama Dokta Nusu.

"Dawa zake mnazificha wapi?" akauliza taratibu.

"Kaka, hazipo. Huu mwezi wa tatu hazijaletwa."

"Wewe ndiye uliyemrudisha. Alituambia. Kabinti kenye miwani."

Ngumi ya kwanza ilivunja hiyo miwani. Ya pili ilimbamiza ukutani, akasikia jino likikatika. Muuguzi alimrukia yule bwana mgongoni, akatupwa juu ya mizani ya watoto. Daktari mfawidhi, mkuu wa kituo, alichungulia, akarudi ofisini kwake. Ufunguo ukasikika ukizunguka mara mbili. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walitoka mbio na watoto wao, wengine kupitia dirishani.

Mchomelea aliinua stuli ya chuma, akaivurumisha kwenye kabati la dawa. Vioo vikamwagika. Akaingiza mkono hadi begani, akapekua rafu moja baada ya nyingine, akivuta kila alichokigusa: glavu, pamba, makopo. Rafu ya presha haikuwa na hata kidonge kimoja. Akaduwaa. Kioo kilikuwa kimempasua karibu na kiwiko, na damu ikaanza kuruka ukutani kwa mapigo.

Hapo mlinzi na wanaume wanne wa nje wakaingia na marungu. Hawakuuliza kitu. Walimpiga akiwa wima, wakampiga akiwa amepiga magoti, wakampiga akiwa chini. Mdogo wake alipojaribu kuwazuia, wakamvunja mkono.

Dokta Nusu alitambaa mpaka akamfikia mchomelea, akaubana mkono uliopasuka kwa vidole vyote, akamlalia kumkinga. Rungu moja likamshukia mgongoni, jingine begani.

"Toka, mwache afe," mlinzi alisema akihema.

"Mama yao azike wawili leo?" Damu ilimtoka mdomoni akisema. "Sista, niletee uzi na sindano."

Alimshona akiwa haoni vizuri, muuguzi akimwelekeza. Ganzi ilikuwa kidogo, lakini mchomelea hakulalamika. Machozi tu yalimtiririka yakaingia masikioni.

"Ungeniacha," akasema.

"Baba yako nilimwacha. Nilimwambia dawa hakuna, nikamwita anayefuata. Hata presha sikumpima."

Polisi walimchukua bandeji ikiwa bado mbichi.

"Mwanangu, somea ngozi," mama yake Dokta Nusu alimsihi nyumbani, akimkanda uso. "Sijasikia mtu kampiga ngumi daktari wa chunusi."

Alicheka, taya likamuuma. Siku nne alilala ameelekea ukutani, akidhani ameacha udaktari kweli. Siku ya tano aliamka, akaenda kituoni, akafungua daftari la wagonjwa na kunakili majina ya wote waliorudishwa bila dawa. Walikuwa thelathini na nane. Kisha akaenda stoo kuu ya dawa, jicho bado limevimba, akasimama mbele ya mkuu wa stoo mpaka yule bwana akaona aibu kuendelea kunywa chai.

"Dawa tunazo, binti. Kituo chenu hakijaleta fomu."

Fomu ilikuwa kwenye droo ya mfawidhi, haina sahihi. Mfawidhi aliisaini bila kumtazama usoni.

Maboksi yalifika baada ya siku mbili. Dokta Nusu alitia dawa kwenye mkoba, akaanza nyumba kwa nyumba, kwanza kwa mjane wa seremala. Aliyefungua ni yule mdogo mtu, mkono umefungwa plasta.

"Umefuata nini hapa?"

"Nimekuja kumpima mama."

Mjane alikuwa ameketi mkekani. Alimtazama mgeni mdomo uliopasuka, akamtazama mwanawe. "Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

Mjane akavuta mkono wa gauni juu, akaunyoosha mkono wake. Presha ilikuwa juu mno. Dokta Nusu alikaa naye mpaka akameza kidonge cha kwanza.

"Kaka mtu kule mahabusu," mjane alisema, "mshono wake unatoa usaha."

"Kesho nitapita kumwona."