Barakoa Mia Tano Zilipita

Barakoa mia tano zilivuka daraja asubuhi ile. Nilizishona mimi, kwa cherehani ya kukanyaga, na kila moja nikaitia uzi mwekundu pembeni, alama yangu ya kazi. Ofisi ya mpaka iliziagiza kwa ajili ya zahanati za ng'ambo. Zikagongewa muhuri, zikapakiwa, zikaenda zao. Mpaka ulikuwa umefungwa kwa watu kwa sababu ya maradhi, na mimi nikaambiwa ningoje.

Ng'ambo, mwendo wa nusu saa tu kwa miguu, mwanangu wa pekee alikuwa na mimba ya miezi tisa, mumewe amekwama kazini mbali. Uzazi wa kwanza. Nilikuwa nimemwahidi kumshika mkono.

"Wanaovuka ni mizigo na familia, mama," afisa alisema, macho kwenye fomu.

"Kwani mimi nani? Jirani?"

"Familia ni mume, mke na mtoto chini ya miaka kumi na minane. Wako ana ishirini na sita. Huyo mtu mzima."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakujaza fomu. Afisa akavuta barakoa yake juu ya pua. Niliuona uzi wangu mwekundu pale shavuni pake, nikatamani kumvua.

Nilirudi siku tatu mfululizo. Ya nne, picha ikaingia kwenye simu: mkunga amembeba mtoto wa kike, kafumba macho. Pembeni mwa barakoa ya mkunga, uzi wangu.

"Tumejifungua salama, mama," mwanangu aliandika. "Nilikuita sana."

Nililia, na sisemi uongo, nililia kwa hasira. Kitambaa nilichokikata kiliingia chumba kile. Mkono uliokikata ulikataliwa.

Kesho yake afisa akaja dukani kwangu kuagiza mia tano nyingine. Nikachukua chaki ya kukatia nguo, nikainama, nikachora mstari kizingitini, mbele ya viatu vyake.

"Huo mpaka. Una kibali?"

"Tuache utani, mama. Wenzetu ng'ambo wanazisubiri."

"Hata mimi nilisubiriwa."

Akatoa fomu mfukoni.

"Nitazishona, kwa ajili ya yule mkunga," nikamwambia. "Ila humu ndani huingii. Fomu yako ijaze hapo hapo uliposimama."

Aliijaza juani, karatasi juu ya paja, mguu mmoja hewani. Sikumpa hata kiti.