Salama za Kisima cha Tiwi

Kompyuta ya Mwanasiti ilikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuchelewa. Si kuchelewa kwa dakika mbili tatu, la! Ulichoiuliza asubuhi ilikujibu alasiri, tena feni yake ikivuma utadhani imepanda Shimba Hills kwa miguu.

Na kazi yenyewe haikuwa ya mzaha. Mwaka ule, wa pili tangu mvua za Elnino, jua lilikuwa kali ajabu, na kisima cha mtaa wao wa Tiwi ndicho pekee kilichobakia na maji matamu. Vile vya karibu na ufuo vilikwisha kuingiwa na bahari. Kisima ukikivuta mno, chumvi hupanda kutoka chini, na ikishapanda haishuki kwa kuambiwa. Basi Mwanasiti, aliyesomea kompyuta Mombasa na kununua hii kuukuu kutoka kwa watu wa hoteli, alitumbukiza kisimani waya wenye kipimo cha chumvi. Kipimo kilileta namba mfululizo, hakipumui. Kila ilipoingia namba mpya, kompyuta ilizikusanya zote tangu ya kwanza, ikazipiga hesabu upya. Masikini, ingewezaje?

"Mashine yako imechoka, manze," alimtania Kasyoki, mwendesha pampu, Mkamba wa Kikoneni asiyejua kunyamaza. "Hadi ituambie chumvi imeingia, sisi tushageuka ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi."

Mwanasiti alicheka, lakini moyoni alikuwa na wasiwasi. Ami yake Suleiman, mwenyekiti wa kisima, alikwisha sema kwamba mashine isipofaa hadi Ijumaa, waya utolewe.

Akiwa bado anaikodolea macho, akamsikia Ami uani akisalimiana na jirani.

"Habari za nyumbani?"

"Salama."

"Watoto hawajambo?"

"Salama."

"Na shamba?"

"Salama, alhamdulillahi. Ila mbuzi wetu mmoja kaangukia chooni."

"Lo! Kaangukia chooni? Ilikuwaje?"

Hapo mazungumzo ndiyo kwanza yakaanza. Mwanasiti akaangua kicheko, kisha akaigeukia kompyuta. Hebu! Salama zote zile Ami hakuitia akilini hata moja. Zilimpita sikioni, akili yake imetulia tuli, mpaka aliposikia "ila". Kwa nini basi kompyuta ihangaike kutafakari kila salama?

Siku hiyo hata kula alisahau. Aliibomoa programu yake akaiandika upya. Namba ikija, ilinganishwe na ile iliyoitangulia. Zikikaribiana, hiyo ni salama, itupwe. Zikiachana, hiyo ni ila, na hapo ndipo kompyuta ipige hesabu na kengele ilie. Alipoiwasha, feni ikatulia. Akachukua ndoo ya maji, akakitoa kipimo kisimani na kukichovya, akamwagia chumvi ya jikoni. Kengele ikalia papo hapo! Alipiga vigelegele peke yake kama bibi harusi ni yeye.

"Aisee," akasema Kasyoki, "sasa umeweza."

Waya ukarudi kisimani, ukabakia. Wiki zikapita na kengele kimya. Kwa kuona mashine haisemi kitu, watu wakazidi kuteka, na pampu iliyokuwa ikizimwa adhuhuri ikawa inaunguruma mpaka magharibi.

Ndipo Shangazi Mishi, dada yake Ami Suleiman, alipokuja kuwatembelea kutoka Lunga Lunga. Shikamoo zikaitikiwa, akakaribishwa mkekani, akaletewa chai na mahamri. Mahamri alikula. Chai aliionja, akasema, "Ahsanteni, nzuri sana," akaiweka chini. Muda ukapita na kikombe bado kimejaa. Mwanasiti akakitazama kile kikombe, asielewe. Shangazi huyu, ambaye kwa chai hana mpinzani ukoo mzima?

"Shangazi, chai ina nini?"

"Haina kitu, mwanangu."

"Wallahi?"

Mama wa watu akababaika. "Usinitie dhambini, mwanangu. Mmeitia chumvi."

Ami Suleiman akaja juu. "Chumvi ya wapi? Maji yetu ni asali!" Kasyoki akateka, akaonja, akasema ni tamu. Mwanasiti naye akaonja, akaona ni tamu. Lakini hakuridhika. Akaichukua diski ya siku za mwanzo, yenye namba za programu ile ya zamani, akazilinganisha na namba ya sasa. Chumvi ilikuwa imezidi zaidi ya maradufu.

Haikuingia kwa kishindo kama ile ya ndoo. Ilipanda kidogo kidogo, kila namba ikikaribiana na iliyoitangulia, na kompyuta ikasema salama, salama, salama. Ndimi zao nazo zilisema vivyo hivyo.

Akabadilisha mstari mmoja tu. Namba isilinganishwe tena na iliyopita sasa hivi, bali na ya siku ya kwanza. Kompyuta haikuelemewa hata kidogo, maana namba ya kukumbuka ni moja tu. Kengele ikalia kabla hajaondoa vidole.

"Shangazi, yamebakia maji ya safari?"

Mishi akatoa chupa yenye maji ya kwake Lunga Lunga. Mwanasiti akammiminia Ami, akanywa. Kisha akampa ya kisima. Ami Suleiman, mtu wa adabu zake, akayatema mchangani mbele ya mgeni.

"Kasyoki," akasema kwa sauti ndogo, "kazime pampu. Isiwashwe mpaka mvua inyeshe."

Kasyoki akaenda mbio bila neno la utani. Ami akamgeukia Mwanasiti. Hasira zilikuwa zimemwisha, na hofu ilikuwa wazi usoni mwake.

"Mwanangu, haya tumeanza kuyanywa lini?"

Mwanasiti akazitafuta namba za wiki zile kompyutani, hakukuta hata moja. Salama zote zile alikuwa amezitupa.