Nusu ya Sindano

Daktari wa mifupa hakunizungusha. Aliweka picha ya goti langu kwenye taa, akasema mfupa unasaga mfupa. Goti la kuwekewa lipo, ila kwa uzito nilionao hanipandishi kitandani kwake. Nipungue kilo kumi na tano kwanza. Alinipa miezi saba, akaandika tarehe ya upasuaji kwa penseli. Penseli ile niliiona. Mtu anayekuandikia kwa penseli ana raba mfukoni.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka thelathini na minane nimeshona sare za shule, na mashine yangu ni ya kukanyaga. Goti la kulia likigoma, na mashine imegoma. Kwa hiyo suala la kupungua sikulipinga. Nililolitilia shaka ni dawa ya kupunguzia uzito.

Walinipeleka chumba cha pili, kwa daktari wa kike, mdogo kuliko mwanangu. Akanipima damu na presha, akaniuliza magonjwa ya mama yangu na ya dada zangu, waliokufa na walio hai. Halafu akatoa kalamu. Si ya kuandikia. Ni sindano iliyojificha ndani ya kalamu. Unazungusha kitako chake, inalia ta, ta, ta, namba inatokea kwenye kidirisha, unajichoma tumboni mara moja kwa wiki. Mwezi wa kwanza namba ndogo, wa pili inapanda, wa tatu inapanda tena.

"Inafanya nini hasa?" nikamuuliza.

"Inatuliza njaa, bibi. Utashiba mapema."

"Na njaa yenyewe inakwenda wapi?"

Akacheka. Sikuwa nimefanya mzaha. Njaa imenilea mimi. Ndiyo iliyokuwa inaniamsha asubuhi na kunikalisha kwenye mashine, leo mtu aje aniambie itatulizwa, kama mbwa wa getini anayetupiwa kitu usimsikie akibweka. Mwizi naye hufanya vivyo hivyo.

Niliyekwenda naye ni mke wa mwanangu. Ni msusi, ana saluni yake ya viti viwili chini ya nyumba tunayokaa, na maneno yake hayana kituo. Njiani kurudi alikuwa amelishika boksi la dawa kifuani kama amezaa yeye.

"Mama, usiogope. Wateja wangu wengi wanaitumia."

"Wateja wako wanasukwa kichwa. Mimi nasukwa tumbo."

"Nitakuwa nakuchoma mwenyewe."

"Tumbo langu silionyeshi mtu."

Akanyamaza, na yeye kunyamaza ni jambo la kuandikwa. Nikajiuliza, huyu ana haraka gani na sindano yangu? Tangu siku ya kwanza alibandika karatasi kwenye mlango wa friji, kila Jumapili ameichorea duara. Mtu akikuhesabia siku, nawe hesabu zake.

Alhamisi akaja shoga yangu, muuza vifungo. Huja na kasha lake, hukaa kwenye kigoda changu, hunipa habari za mji mzima ndipo atoe vifungo. Nikamwonyesha kalamu.

"Fundi," akasema, "kuku wako akiacha kula unasemaje?"

"Nasema anaumwa."

"Haya. Basi wewe unachomwa ili uumwe."

"Daktari anasema ni salama."

"Na yeye amejichoma? Yule nimemwona, mwembamba kama uzi wa kutungia. Kilo hazijui kwake. Halafu nasikia ukiiacha, zile zilizotoka zinarudi na shangazi zao."

Nilicheka, lakini lile neno lilinikaa.

Shule niliacha darasa la tatu. Kile kikaratasi cha ndani ya boksi kina herufi kama mayai ya chawa, sikukiweza. Lakini kuna jambo nalijua bila kusoma. Kitambaa ukikikata pungufu, hakuna dua ya kukirudisha. Ukiacha ziada, siku ukitaka unaipunguza. Ndiyo maana sare ya mtoto naiachia pindo la vidole vinne, na mzazi ananishukuru mwaka unaofuata. Nikasema na dawa nayo nitaifanyia hivyo hivyo. Jumapili ya kwanza nilifunga mlango, nikazungusha kitako nikihesabu milio hadi kwenye namba ya daktari. Kisha nikarudi nyuma, nikaishia nusu ya milio ile. Nikachoma. Haikuuma hata kama sindano ya mkono.

Nikafanya hivyo kila Jumapili. Mwezi ukaisha, kalamu ikabaki na nusu ya dawa. Nikaificha kwenye droo ya nyuzi, chini ya zile nyeusi ambazo hakuna anayezigusa. Mwezi wa pili nikapewa kalamu yenye namba ya juu, nayo nikaichukua nusu. Sikutapika, sikuumwa kichwa. Njaa ilikuwepo, imepoa kidogo kama chai iliyosahaulika. Nikaona akili yangu imeshinda yao.

Mizani ndiyo haikuona. Baada ya miezi miwili nilikuwa nimepungua kilo moja na nusu. Daktari akaiangalia, akaniangalia.

"Unachoma kila wiki, bibi?"

"Kila Jumapili."

Hapo sikusema uongo.

"Namba niliyokuandikia?"

"Mwanangu, mimi ni mtu wa vipimo. Maisha yangu yote ni futi kamba."

Hapo nilizunguka. Akaandika, akasema tutapanda namba ya tatu. Nayo ikishindwa, basi dawa hii si yangu, ataisitisha, na atamwarifu daktari wa mifupa. Maana yake goti limekwenda. Nilirudi nyumbani nikipanda ngazi moja moja, nimeshika ukuta. Niongeze milio? Lakini kama nusu imenipoza njaa, nzima itanifanya nini? Nikawa kama mtu aliyesimama na mkasi juu ya kitambaa cha harusi ya watu.

Wiki hiyo hiyo nikamsikia mke wa mwanangu akiongea na simu kwenye ngazi. "Akishapungua na kufanyiwa mguu, ile mashine itoke pale sebuleni. Nimeshamwambia mume wangu." Nikasimama nyuma ya mlango. Kumbe. Ndiyo sababu ya duara zile kwenye friji. Dawa inikaushe, mguu uninyooshe kitandani, mashine itoke. Sikumuuliza. Aliyekwisha kusikia hana haja ya kuuliza.

Nadhani ni zile hasira. Ijumaa nilikuwa napiga mshono wa kola, macho kwenye kitambaa, moyo kwenye ngazi, na sindano ya mashine ikanipita kidole gumba cha mkono wa kulia. Kwa miaka yote hiyo ilinipata mara mbili tu, na mara zote nilikuwa nimekasirika. Wakanifunga bendeji nene kama kitasa.

Jumapili ikafika. Kalamu mpya, namba ya tatu. Nilijaribu kuizungusha kwa mkono wa kushoto, inateleza. Mke wa mwanangu akaingia bila kubisha.

"Lete, mama. Siku moja tu. Tumbo nitalifumbia jicho."

Ningesemaje? Nikampa. Akawasha taa, akaiweka kalamu karibu na macho, akaanza kuzungusha. Ta, ta, ta. Mimi nahesabu kimoyomoyo. Ilipofika pale ambapo mimi ningesimama, mdomo ulinijaa neno "basi". Ningelisema, angeuliza basi kwa nini. Nikalimeza. Akaenda mpaka mwisho, akanionyesha kidirisha, nikatikisa kichwa kwamba sawa, akanichoma.

Nikamtazama usoni. Nilitaka kuona kama anafurahi. Alikuwa anasoma namba mara ya pili.

Jumatatu asubuhi kikombe cha chai kilinishinda. Mchana nikaanza kutapika. Nilitapika kile nilichokula, nikatapika maji, nikatapika ambacho sijui nilikitoa wapi. Jumanne hali ni ile ile, mdomo mchungu, miguu si yangu. Mwanangu ni dereva wa lori, alikuwa amerudi safari asubuhi ile. Akanikuta nimekumbatia ndoo.

"Nani alimchoma?" akauliza.

"Mimi," mke wake akasema. "Namba aliyoandikiwa, baba. Niliisoma mara mbili."

"Miezi miwili anajichoma mwenyewe hajatapika hata mate. Siku moja umeshika wewe, mama yangu ananifia."

"Mama mwenyewe aliiona. Muulize."

Akanigeukia. Nilikuwa na ndoo, na ndoo ni kisingizio kizuri. Nikainamisha kichwa ndani yake.

Kliniki waliniwekea maji ya mshipa. Daktari akaja na faili, akasimama upande wa kitanda. Mwanangu amesimama upande wa pili, mke wake karibu na mlango, mikono ameiweka nyuma kama mtoto aliyevunja kitu. Daktari akamwambia amwonyeshe kwenye kalamu alizungusha hadi wapi. Akaonyesha.

"Ni sahihi," daktari akasema.

"Sahihi vipi?" mwanangu akasema. "Huyu usimwamini, daktari. Ana papara. Atakuwa amechoma mara mbili."

Nikamtazama yule mkwe wangu, mwenye maneno yasiyo na kituo. Alitazama sakafu. Nikafikiri, haya, si ulitaka mashine yangu itoke? Kaa nalo hilo. Ndivyo nilivyofikiri, siwezi kudanganya.

Daktari akafungua faili. "Kilo hazishuki, na namba ya tatu imemtapisha namna hii. Hapa naandika kwamba dawa imemkataa. Bibi, pole. Daktari wa mifupa nitamwambia leo."

Akashusha kalamu yake, ile ya kuandikia.

"Ngoja," nikasema. "Haijanikataa. Mimi ndiye niliyeikataa."

Wote wakanigeukia. Nikawaambia. Milio, nusu, droo ya nyuzi. Nikamweleza daktari habari ya pindo, kwamba huwezi kukata kitu chote mara moja, lazima uache. Nilieleza vizuri kabisa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo lilivyosikika la kijinga.

Hakucheka safari hii. "Bibi, namba ya mwezi wa kwanza haimpunguzi mtu. Inazoesha tumbo tu. Ndilo pindo lako hilo, tulishakuachia. Wewe umekata pindo juu ya pindo, halafu juzi ukavishwa gauni zima kwa mara moja. Ungetapika tu."

"Na hizo zilizobaki?"

"Zitupwe. Zimekaa nje ya baridi, asiziguse mtu."

Mwanangu alisema, "Mama," akasita hapo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyomlea. Sasa mkuu ni mimi na guu ni langu, angeniambia nini? Akatoka nje kwenda kuvuta hewa. Mkewe hakumwomba amtake radhi, na yeye hakumtaka radhi.

Daktari akakikata kwa mstari kile alichokuwa ameanza kuandika. Tutaanza upya, namba ya chini kabisa, tumbo likitulia. Upasuaji umesogea mbele miezi minne, kama kilo zitashuka. Kama. Sikumbishia. Nikamuuliza tu kama yeye mwenyewe amewahi kujichoma ile dawa. Akasema hapana. Angalau hakudanganya.

Nyumbani nilimwita mke wa mwanangu, nikamwambia nilimsikia kwenye ngazi siku ile, habari ya mashine.

"Ndiyo," akasema. "Nilitaka ishuke saluni, ikae dirishani. Ukitoka hospitali na goti jipya utapanda hizi ngazi mara ngapi kwa siku? Na wateja wangu wana nguo za kupunguza."

"Ungeniambia."

"Nawe ungeniambia."

Sijui kama ndiyo ukweli wote. Ile saluni ina viti viwili, na mashine ikikaa dirishani itavutia watu wake kabla ya wangu. Lakini nimeipima ile sehemu kwa futi kamba, inatosha.

Jumapili iliyofuata nilimpa kalamu. Hakuipokea.

"Sishiki tena sindano yako, mama. Utachoma mwenyewe. Mimi nitakaa hapa."

Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, mikono kifuani. Bendeji ilikuwa imepungua, kidole kinashika. Nikafungua vifungo vya chini vya gauni, nikaanza kuzungusha. Milio ikafika nusu, nikasikia anavuta pumzi. Nikaendelea mpaka iliposimama.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akainuka, akaushika mkono wangu, akausogeza dirishani kwenye mwanga, akasoma namba. Akanitazama usoni. Akaisoma tena.