Chura wa Chaki

Jumanne, baada ya kengele ya mwisho, mtunza maabara alifunua ndoo akahesabu vyura. Walikuwa kumi na wanane, mmoja kwa kila wanafunzi wawili. Alipanga masinia ya nta juu ya meza, akaweka pini kando ya kila sinia, akanoa visu vidogo. Kisha akachukua chupa yenye mdomo mpana, akatia pamba yenye dawa, akaanza kuwaingiza vyura mmoja mmoja. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa na mkono wake ulikuwa mwepesi. Chura wa mwisho alipotulia, alinawa kwa sabuni, akafunga mlango, akaenda nyumbani kupika chakula cha mtu mmoja.

Jumatano, kipindi cha tatu, mumewe aliingia maabara. Alikuwa amezikwa miezi mitano kabla. Aliingia kama alivyokuwa akiingia siku zote, bega la kushoto mbele, akachukua chaki kwenye kopo. Wanafunzi wakasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaeni."

Mwalimu mpya, aliyekuwa ameajiriwa kushika nafasi yake, alivuta kiti pembeni ili asimzuie.

"Asiyetaka kupasua aje huku ubaoni," alisema marehemu. "Anayetaka abaki na mwalimu wake. Hakuna wa kuchekwa."

Wanafunzi kumi na mmoja wakainuka. Marehemu alichora chura kwa chaki nyeupe, mkubwa kama mlango wa kabati. Alipomaliza, aliikunja ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, kushoto na kulia, na ndani yake kulikuwa na ini, mapafu na utumbo, kila kimoja mahali pake. Moyo alikuwa ameuchora kwa chaki nyekundu na ulikuwa unapiga. Wanafunzi waliyahesabu mapigo kwa saa ya ukutani, wakaandika kwenye madaftari. Kengele ilipolia aliirudisha ngozi, chura akaruka sakafuni, akatoka dirishani. Aliacha nyayo nyeupe kutoka ubaoni hadi dirishani, na kuzifuta ilikuwa kazi ya mtunza maabara.

Alizifuta. Muda wote wa kipindi alikuwa amesimama kwenye sinki na kitambaa mkononi. Mumewe alikuwa amepitisha mkono juu ya bega lake kuchukua kifutio, na hakumtupia hata jicho.

Alipokuwa hai, mwalimu huyo alimwandikia mkuu wa shule barua kila mwanzo wa mwaka, kuomba wanafunzi wasiotaka kupasua wanyama wapewe njia nyingine ya kujifunza. Kila mwaka barua ilirudi na muhuri: Imepokelewa. Nyumbani alilitaja jambo hilo mara moja tu, mezani.

"Na wewe ukikataa kuwaua?"

"Watamtafuta mwingine," mkewe alimjibu, "na mimi nitashinda hapa nikikutazama wewe."

Alicheka, akamaliza chakula chake, na hakuuliza tena.

Mkuu wa shule alikuja wiki ya pili, akasimama mlangoni kwa dakika kumi. Jioni hiyo alimwingiza marehemu kwenye ratiba kwa penseli. Mwalimu mmoja aliuliza kama inafaa. Mkuu akasema mahudhurio yake ni mazuri kuliko ya wengi waliomo humo ndani.

Habari zilimfika wifi wa mtunza maabara, dada wa marehemu, aliyekuja Jumamosi na kukaa kwenye kiti cha kaka yake bila kukaribishwa.

"Wifi, nasikia ndugu yangu anafundisha."

"Anafundisha."

"Na hapa hajapita?"

"Hapa hajapita."

"Yaani anakwenda kwa watoto wa watu, mkewe anamruka kama dimbwi." Wifi aliangalia dari. "Kwangu pia hajaja. Lakini mimi sikulala naye kitanda kimoja miaka ishirini."

"Wifi, kunywa chai."

"Nakunywa. Nimesema tu."

Hakumwambia wifi yake habari ya sweta. Sweta la kijivu la marehemu, lenye kiwiko kilichotiwa kiraka, lilikuwa kabatini. Kila Jumatano mkewe akirudi kazini alilikuta limetundikwa kinyume, na mikono yake imejaa vumbi la chaki. Kwa hiyo alikuwa anafika nyumbani. Alikuwa anafuata sweta. Jioni hizo mjane alilikung'uta dirishani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Miongoni mwa wale kumi na mmoja kulikuwa na msichana ambaye wenzake walimwita Swali, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya darasani. Marehemu alimpa chaki nyekundu aushike moyo, auchore upya pale unapofifia. "Vizuri, mwanangu," alimwambia. Mtunza maabara, aliyekuwa akisafisha visu, aliusikia moyo wake mwenyewe ukimchoma. Yeye na mumewe hawakupata mtoto. Na katika miaka ishirini ya kupika, kufua na kumtilia kiraka sweta, neno hilo la "vizuri" hakukumbuka kulisikia. Alikuwa anamaliza sahani, basi, na mke akajua kwamba ni vizuri.

Siku moja Swali alibaki nyuma kumsaidia kufuta nyayo.

"Mama, mwalimu alikuwa hivi hivi nyumbani?"

"Hivi vipi?"

"Anakueleza mpaka unaelewa."

"Nyumbani alikuwa anasoma gazeti," alisema mtunza maabara. "Pale umeruka unyayo mmoja."

Wiki ya sita mvua ilikata barabara na ndoo ya vyura haikufika. Jumatano, masinia yalibaki kabatini na mwalimu mpya akawapa wanafunzi wote marudio ya kitabu. Mtunza maabara alivaa kitambaa kipya cha kichwani siku hiyo. Alifuta ubao, akaweka chaki nyekundu mbele, akangoja. Kipindi cha tatu kikapita, na cha nne. Nyumbani, sweta lilikuwa limetundikwa vile vile alivyoliacha. Ndipo akajua kwamba mumewe alikuja kwa sababu ya vyura waliouawa. Wasipokuwepo wao, hana la kumleta.

Wiki iliyofuata ndoo ilifika. Jumatano asubuhi, kabla ya kipindi, alichovya kitambaa kwenye ndoo ya maji akaulowesha ubao wote, juu hadi chini. Hakuwa na mpango wa maana. Alitaka tu siku hiyo Swali asiambiwe "vizuri".

Mumewe aliingia, akaitikia salamu, akaweka chaki ubaoni. Haikushika. Akajaribu pengine, nayo haikushika. Aliitazama chaki, akautazama ubao, kisha akageuka, akamtazama yeye.

"Mwenzangu, ubao umelowa."

Sauti ilikuwa ile ile, yenye mikwaruzo kidogo mwanzoni. Mtunza maabara alichukua kitambaa kikavu akaanza kufuta, na mumewe akasimama kando yake akingoja, mikono nyuma. Walikaa hivyo kama dakika nne, wakiutazama ubao ukipauka taratibu kutoka pembeni kwenda katikati. Bega lake lilikuwa karibu na la mumewe. Sweta lilinuka kabati lao. Kisha ubao ukakauka, na mumewe akawageukia wanafunzi.

Tangu hapo aliulowesha ubao kila Jumatano, na kila Jumatano mumewe akamwambia maneno hayo matatu. Hakumuuliza kwa nini.

Karibu na mwisho wa muhula, mkuu wa shule alimwita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na barua za marehemu, zimebanwa pamoja, kila moja na muhuri wake.

"Kaa, mama. Wale wa ubaoni wamefika ishirini na wawili," alisema mkuu. "Shida yangu ni alama. Wasiopasua nawaandikia sifuri kwenye safu ya vitendo, na yule msichana wa maswali ndiye anayejua kuliko wote. Nimefikiri tuache vyura kabisa. Wote wasome ubaoni, wote wapewe alama. Mumeo alikuwa akiliomba hili. Wewe ndiye unayewaandaa vyura. Unasemaje?"

Mtunza maabara aliutazama mwandiko wa mumewe. Herufi zake zililala upande mmoja, kama watu wanaotembea dhidi ya upepo. Alifikiria ile Jumatano ya mvua, kitambaa kipya kichwani na sweta lisilosogea.

"Mtihani wa mwisho unataka chura halisi, mkuu," alisema. "Watoto watashindwa."

"Hata mimi nilikuwa na wasiwasi huo."

"Na hawa wa ubaoni, mwalimu wao ni marehemu. Anaweza kuacha kuja wakati wowote."

"Kweli." Mkuu alizikusanya barua akazirudisha kwenye droo. "Basi tuendelee kama tulivyo. Asante, mama. Hatukukosea kukuuliza."

Alama zilibandikwa ukutani Ijumaa. Swali alisimama mbele ya karatasi, kidole chake kwenye sifuri, mpaka watu wakapungua. Wengi wa wale ishirini na wawili walirudi mezani muhula uliofuata. Ubaoni walibaki wanne, naye akiwa mmoja wao.

Jumanne mtunza maabara alifunua ndoo akahesabu. Jumatano asubuhi alichovya kitambaa, akaulowesha ubao kutoka pembe hadi pembe, hata mahali ambapo chaki haifiki. Mumewe aliingia, bega la kushoto mbele. Safari hii alisimama kwanza, akavuta hewa puani, kama alivyofanya zamani kila mkewe alipomwekea sahani na mikono yake bado ina harufu ya dawa.

"Mwenzangu, ubao umelowa."

"Utakauka," alisema mkewe, akasogea kumpa nafasi.

Wakasimama bega kwa bega, wakingoja. Nyuma yao mwalimu mpya alikuwa anagawa visu.