Propela Isiyovunjika

Nianze na nyumba, maana ndiyo iliyotuharibu. Ni chumba na sebule, bati jekundu, na kibaraza kinachotazama bwawa. Mzee Twalibu, mwenye hoteli, alimjengea nahodha wa boti yake ya kutembeza wageni. Alisema mbele yetu wafanyakazi wote kwamba siku boti itakapowabeba maharusi bila kumtia aibu, nahodha huyo, Severini, atapewa ufunguo. Mimi Raya, mpishi, nilikuwa nalala stoo pamoja na magunia ya mchele wa Dakawa. Nilimpongeza Severini kwa mdomo tu.

Mwenyewe aliitaka nyumba ile kwa ajili ya mama yake, Bi Scholastika. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mashamba ya ukoo wa mama huyo ndiyo yaliyomo chini ya bwawa. Maji yalipojaa akashuka mjini kupanga chumba mtaa wa Kilakala, akawa anamuuliza mwanawe kila wiki kama pale kwao bado panaonekana.

Ukoo ule ulikuwa na desturi ya kumpandia kila mtoto mfenesi pale kitovu chake kilipozikwa. Bwawa lilipochimbwa miti ikakatwa, visiki vikaachwa, na Severini alikuwa anaendesha boti kwa kuvifuata. "Hapa kwa Yohana, tunakata kushoto. Hapa kwa Rahel, huyu haonekani, tumpe nafasi." Rahel alikuwa dada yake, alifariki mdogo. Kisiki cha Severini mwenyewe kilikuwa kirefu kuliko vyote, na kiangazi kilitokeza katikati ya maji, kipana kama kigoda.

Wiki mbili kabla ya harusi ya binti yake Maimuna, Mzee Twalibu alirudi kutoka Dar na propela mpya. Propela ni ile feni iliyo nyuma ya injini, ndani ya maji, inayoisukuma boti. Akaitoa kwenye boksi na kuiweka mezani kwangu, juu ya mchicha niliokuwa nachambua. Ilikuwa ya chuma cha pua na inang'aa mpaka nikayaona meno yangu. Severini akaigeuza, akasoma namba zilizogongwa pembeni.

"Mzee, hii siyo yetu."

"Kwa nini?"

"Hii ishirini na moja ndiyo hatua yake. Ikizunguka mara moja inataka boti iende inchi ishirini na moja. Hiyo ni ya mtu na mwenzake wanaotaka mbio. Sisi tunabeba watu wanane. Ni sawa na kuondoa lori la mpunga kwa gia namba nne. Injini itakoroma, boti haitainuka. Tutafute ya kumi na tano."

"Na lingine?" Mzee akauliza, kwa upole wake ule wa kutisha.

"Iwe ya alumini. Ikigonga kisiki inavunjika yenyewe, tunafunga nyingine. Hii ya chuma haivunjiki, kwa hiyo zitavunjika gia za injini."

Mzee akatugeukia sisi wa jikoni. "Mnamsikia? Mimi nimenunua kisichovunjika, yeye anataka kinachovunjika!" Tukacheka. "Wewe umetengeneza pampu za mpunga Dakawa miaka kumi na miwili, na kwenu mlimani mnalima ndizi. Boti umeijulia wapi?"

Aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni mimi.

Kesho yake wakaenda kuijaribu, Mzee na Severini, wawili tu. Boti ikaruka juu ya maji, na Mzee akarudi ameloa, anapiga kelele kama mtoto. Severini akamwomba wajaribu tena na magunia sita ya mchele ndani, uzito wa watu wa harusi. Mzee akamwambia achukue kitambaa aisugue propela. Tena kuanzia siku ile asimtajie mgeni yeyote majina ya visiki, kwa sababu watu wanakuja kupumzika, si kutembezwa makaburini.

Jumapili ya harusi Bi Scholastika alifika asubuhi, na mkeka, chungu, na picha ya Bikira Maria aliyoifunga kwenye khanga. Akaketi kwenye kibaraza cha ile nyumba kungoja ufunguo. Nikampelekea chai.

"Asante, mwanangu," akasema. "Tutakuwa majirani."

Nilimchukia kwa neno lile, na hata leo sijui kosa lake lilikuwa nini.

Saa tisa alasiri tukapanda botini watu wanane: maharusi, wakwe wawili, mpiga picha, Mzee, Severini kwenye usukani, na mimi na jagi la juisi. Severini akafungua mafuta. Injini ikakoroma, pua ya boti ikaelekea mbinguni, nyuma ikazama, tukawa tunajikokota huku maji yakimlowesha bibi harusi gauni. Wageni waliobaki ufukweni wakatoa simu, wakaanza kuturekodi na kucheka.

Uso wa Mzee ulibadilika rangi. "Tuna uzito," akasema. "Severini, shuka."

"Nishukie wapi, Mzee?"

Mzee akaonyesha kisiki kilichochomoza ubavuni mwa boti. Severini ni mtoto wa mlimani, kuogelea hajui, na Mzee alilijua hilo. Akamvua jaketi la kuokolea akampa mpiga picha, ambaye hakuwa nalo. Severini akapanda juu ya mfenesi wake mwenyewe, maji yakimrukia vifundoni, akashika mikono yake kifuani asijue pa kuiweka. Mkwe mmoja akacheka, nasi tukamfuata.

"Mzee, ukitoka hapa mpe Rahel nafasi," akapaza sauti. "Yuko kulia kwako, hatua thelathini!"

"Nilishakukataza hayo majina!"

Mzee akashika usukani, akaamuru wote tusogee mbele, akafungua mafuta mpaka mwisho. Safari hii boti iliinuka, polepole, na Maimuna akapiga vigelegele. Mimi nilijua Rahel yuko wapi. Nilikuwa nimepita pale na Severini mara nyingi, nikipeleka chakula ng'ambo. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa naifikiria ile nyumba.

Tuligonga. Juisi yote ikammwagikia bwana harusi, injini ikapiga yowe na kunyamaza. Gia zilikuwa zimesagika. Tukaelea nusu saa nzima mpaka mvuvi akaja na mtumbwi wake, akatutoa wawili wawili. Propela ilipopandishwa juu ilikuwa na mkwaruzo mmoja, mdogo kama ukucha.

Pale ufukweni, mbele ya wakwe, Mzee alihitaji mtu wa kumbebesha aibu. Akaniangalia mimi.

"Raya, wewe ulikuwepo jikoni. Huyu nahodha aliwahi kunionya kuhusu hii propela?"

"Hapana, Mzee. Alisema ni nzuri sana."

"Na kisiki? Alisema kitu?"

"Sikusikia kitu."

Wakwe, wasiojua kuwa Rahel ni kisiki, wakatikisa vichwa. Mzee akamwambia mvuvi asiende kumchukua Severini mpaka magharibi, apate muda wa kufikiri, na akitoka asirudi tena kazini. Kisha akaniita pembeni, akaniwekea kitu kiganjani na kuniagiza nikamwondoe yule bibi kibarazani.

Nikamkuta Bi Scholastika amesimama, mkono juu ya macho, anatazama majini. Jua lilikuwa linampiga usoni.

"Mwanangu, macho yangu hayaoni vizuri. Ule ni mfenesi wa Severini. Aliyesimama juu yake ni nani?"

"Ni ndege, mama," nikamjibu. "Kusanya vitu vyako."

Akainama kukunja mkeka. Nikamsaidia kubeba chungu mpaka barabarani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu.