Pale Kipande Kilipotua

Bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa kidonge cha dawa, bila woga, kama magugu yaliyofika kizingitini mwa nyumba iliyohamwa. Mtaalamu wa maabara akaifunika sahani ya kuoteshea bakteria. Sampuli hii ilikuwa ya mtoto wa tatu kutoka wodi ya watoto wachanga. Wawili wa kwanza walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Wa kwanza alipofariki, ni mtaalamu huyu aliyeandika majibu: kipande cha DNA kinachohamahama kimejipachika ndani ya jeni ya bakteria na kuivunja, ndiyo maana dawa imegonga mwamba. Akaongeza kwa kujiamini: ni bahati mbaya, haitarajiwi kujirudia. Kwa neno lake, wodi iliendelea na dawa ileile, peke yake.

Sasa alizipanga jeni za bakteria wa watoto wote watatu kwenye kompyuta, mstari chini ya mstari. Bakteria hao hawakuwa wa ukoo mmoja. Hakuna mtoto aliyemwambukiza mwenzake. Hata hivyo, kipande kilikuwa kimetua mahali pamoja mara zote tatu, penye mfuatano wa herufi za DNA ambao vipande vya aina yake huupenda. Ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Hakuwa ameutafuta. Siku ile alikuwa na haraka, na neno "bahati" lilikuwa jepesi mkononi.

Alipanda ngazi hadi wodini.

"Ulisema haitajirudia," daktari alimwambia, macho yakiwa kwenye karatasi.

"Nilisema. Sikuangalia kipande kilipotua. Kila tukiitumia dawa hii peke yake, bakteria wanaobaki hai ni wale waliopachikwa kipande. Mwongezee mtoto ile dawa nyingine, sasa hivi."

"Ile inayoumiza figo, kwa mtoto wa siku tisa?"

"Najua, ndugu yangu."

Daktari alishusha pumzi, akamwita muuguzi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama yake yuko nje. Nitamwambia hali imebadilika. Hana haja ya kujua mengine."

"Niache niende mimi."

Mama alikuwa kwenye benchi la ukumbini, amekumbatia furushi la nguo ndogo zilizofuliwa. Alikuwa binti mdogo, rika la mtoto wa mwisho wa mtaalamu.

"Shikamoo. Wewe ndiye daktari?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana. Mimi ndiye niliyeandika majibu."

"Majibu yapi?"

"Ya mtoto wa kwanza aliyefariki. Nilikosea, na nimekuja kukueleza." Binti alilivuta furushi mapajani, akampisha nafasi ya kukaa.