Risasi Tano za Corbin

"Hilo si gobore, Daktari. Hizo ni kuni zimefungiwa bomba."

"Hizi kuni zimetoka Italia, kijana. Kitako cha mti wa jozi, cheki kinavyong'aa."

"Kila gobore hapa limetoka Italia, hata hili langu. Wote tunabeba nakala za bunduki za zamani. Ila wengine tumenunua nakala ya bunduki, we umenunua nakala ya kabati."

Watu waliokaa nyuma ya malori wakacheka. Corbin Stidham ndivyo alivyo, mdomo mchafu tangu aache shule aende kupasua mbao. Klabu ya magobore pale Kentucky ilibakisha nafasi moja ya timu ya mashindano ya jimbo. Corbin kaisubiri miaka mitatu. Leo kaja huyu Maddox, daktari wa meno, kavaa sare ya vita vya mababu iliyopigwa pasi, naye anaitaka. Kapteni wao, mzee Arvil, alishasema: risasi tano tano, hatua hamsini, mwenye shabaha nzuri anakwenda.

Maddox akamimina baruti, akatoa risasi kwenye boksi la dukani, akaitumbukiza mdomoni mwa mtutu. Ikateleza yenyewe mpaka chini. Ting!

"Mmesikia?" Corbin akapiga paja. "Inacheza humo kama njugu kwenye debe! Risasi ya gobore inasukumwa, Daktari, haidondoki. Hata meno unang'oa hivyohivyo?"

Maddox akafyatua ya kujaribu. Moshi ukatanda, udongo ukaruka mbali kabisa na karatasi.

Corbin hakuona haja hata ya kucheka. Risasi zake anayeyusha mwenyewe jikoni kwa mama yake, anazipima moja moja, anazipaka nta na mafuta ya ng'ombe. Akachota tano mfukoni, akamrushia Maddox kama mtu anayerushia kuku punje.

"Chukua. Sitaki kesho niambiwe nimemshinda mtu aliyepakia kokoto."

"Una hakika?" Arvil akauliza.

"Mzee, hata ukimpa kalamu ya dhahabu, asiyejua kuandika ataandika nini?"

Akaanza yeye. Nne ndani ya duara jeusi, moja ikalamba ukingo. Safi. Akajifuta masizi usoni, akageuka kutazama kichekesho.

Maddox akaweka risasi ya Corbin. Haikudondoka. Ilibidi aisukume kwa ufito, taratibu, mpaka ikakaa juu ya baruti. Akafyatua. Akapakia tena, bila haraka, kama yuko kwenye jino la mtu. Mara tano.

Arvil akaenda kwenye karatasi, akatoa kopo lake la tumbaku, akaliweka juu ya matundu ya Maddox, katikati ya duara jeusi. Yote matano yakafunikwa.

"Daktari anakwenda," akasema.

"Risasi zangu hizo!" Corbin akafoka.

"Zako. Nani alizirusha?"

Corbin akalikodolea macho lile kopo. Kumbe kabati lilikuwa bunduki muda wote, lilikosa chakula tu, na aliyelilisha ni yeye.

Maddox akamsogelea, wala hakumcheka. "Kijana, naomba unitengenezee risasi hamsini za mashindano."

"Dukani zipo," Corbin akasema, akatupa gobore begani, akampa mgongo na kwenda zake.